Afande Aliyeongea na Mama Mkwe kwa Waya

Ukimwambia Afande jambo, lazima akurudishie. Ukisema, "Nichukulie sukari kilo mbili ukipita dukani," hakujibu sawa wala haya. Alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Nimekupata. Sukari, kilo mbili, dukani." Kisha akangoja umwambie kwamba ni hivyo. Usipomwambia, hakuondoka. Mwanzoni nilidhani ananifanyia mzaha. Nikamwambia, "Wee Afande, hapa si kambini, niletee sukari chai inachemka!" Akanijibu kwa upole, "Mama Wanjiku, ujumbe usiorudiwa haujafika." Nikamwacha na wazimu wake.

Jina lake ninalijua, lakini sitalitaja, maana mtaani hakuna aliyelitumia. Wala msiniulize alizaliwa wapi na babake alikuwa nani. Hayo yalisomwa siku ya mazishi na bwana mmoja ambaye hakuwahi kunywa chai naye. Ninayemjua mimi ni yule aliyeishi mbele ya mlango wangu, Kariobangi, kwenye nyumba za kansoli, yaani za baraza la jiji, tukitenganishwa na kinjia cha kupitisha mkokoteni tu. Alikuwa mwanajeshi, fundi wa mitambo ya mawasiliano, kitengo ambacho wenyewe hukiita Signo. Wengine walimwita injinia, kwa sababu alipelekwa ng'ambo kusomea kazi hiyo akarudi na koti zito ambalo hakulivaa tena. Siku za kazi alikuwa kambini, mwisho wa wiki akaja kwa mkewe, Mama Simiyu, nesi wa zahanati. Nami nilikuwa nauza viazi na vitunguu sokoni, mume wangu akiwa reli.

Mungu alikuwa amemchanganyia mambo mtu huyu. Mwili wake ulikuwa mdogo, mwepesi, na uso laini wa kijana anayengoja kipaimara. Ndevu zilimkataa kabisa. Lakini sauti! Akikohoa ndani ya nyumba, wapita njia walisogea pembeni. Mgeni akibisha akasikia "Karibu" ya Afande, alianza kujitengeneza shati, halafu mlango ukifunguliwa unamwona anatazama juu ya kichwa cha Afande, akimtafuta mwenye sauti. Tulicheka mpaka tukazoea. Hata wazee waliomzidi umri walimwita Afande, na vijana waliokaa kwenye kona wakipiga domo walisimama akipita. "Sasa, Afande!" "Salama. Nani amefagia mtaro?" Basi wanatafuta fagio.

Alitengeneza redio za mtaa mzima, na kwake hakukuwa na redio. Mama Simiyu alilalamika mpaka akachoka. "Mume wangu anafufua redio za watu, mimi nasikiliza habari ukutani kwa jirani!" Afande alimjibu kwamba kazini anasikiliza kutwa, nyumbani anataka asikie watu wake wakipumua. Mimi nikaona hayo ni maneno ya mtu bahili. Baadaye nikamwona ameketi mlangoni Jumapili, mtoto amelala kifuani, macho ameyafumba, na sikio liko kwa yule mtoto kweli kweli. 

Na mwanamume huyu aliyekwenda vitani alimwogopa jogoo wangu. Haiya, nisiseme uongo, jogoo mwenyewe alikuwa na kisirani. Lakini kuona mwanajeshi amesimama na buti zake kwenye kinjia, akiniita kwa sauti ile ya radi, "Mama Wanjiku, mshike mnyama wako nipite!" Watoto walitoka kila nyumba kutazama.

Ugomvi wa mferejini aliukomesha yeye. Mnajua maji yakikatika Kariobangi, halafu yarudi kwa saa chache, wanawake huwa na ndimi kali. Siku moja tulikuwa tunatukanana wote kwa pamoja, na mimi nikiwemo, tena mstari wa mbele. Afande akaja na kipande cha sabuni ya kufulia. Akasema kwamba kwenye mtambo wake watu wawili wakibonyeza pamoja hakuna anayesikika, kwa hiyo anayeshika sabuni ndiye anayetukana, wengine wangoje zamu. Tukaanza hivyo. Ukishapewa zamu yako na watu wote wamekukodolea macho kimya, matusi yenyewe yanakuponyoka. Nilipopewa sabuni niliishia kusema, "Aliniwekea ndoo mbele," nikaipitisha.

Habari za vita hakuzipenda. Nilizipata mara moja tu, mchana, nikichambua maharagwe mlangoni naye akinitengenezea pasi ya stima. Nilimuuliza tu hivi hivi kwa nini lazima arudie kila kitu. Akaendelea kufunga skrubu, nikadhani hakunisikia. Halafu akasema kwamba alipokuwa kijana, mara tu baada ya kuvaa sare, walipelekwa kaskazini, vita vya mpakani. Kazi yake ilikuwa kubeba mtambo mgongoni, mzito kama gunia la mahindi, na kusema na vikosi vingine. Siku hiyo aliambiwa awatumie wenzao waliokuwa kwenye kisima fulani ujumbe kwamba waondoke hapo upesi. Akautuma. Ng'ambo ya pili akasikia mkwaruzo, akadhani ndiyo wanasema wamesikia. Walikuwa wamechoka wote, jua linawaka, akazima mtambo kuokoa betri.

"Hawakuwa wamesikia," akasema.

"Waliuawa?"

"Tulifika kesho yake." Akanipa pasi yangu. "Ijaribu."

Nikaijaribu. Ilikuwa ya moto. Nikamwambia asante. Akaongeza kwamba hata wale wa upande wa pili walikuwa na mama zao pale kisimani, waliokuja kuteka maji wakakuta damu, na kwamba watu wa kaskazini wamepata taabu ambazo sisi wa Nairobi hatuzijui. Hakuzungumza hayo nami tena. Nami tangu siku hiyo akinirudishia maneno yangu ya sukari nilimjibu vizuri, "Ni hivyo, Afande."

Sasa nifike kwa Kukhu, maana bila yeye picha ya Afande ni nusu.

Kukhu ndivyo wanavyomwita nyanya huko kwao magharibi. Alikuwa mamake Mama Simiyu, mama mkwe wa Afande. Aliletwa Nairobi kwa ajili ya macho, yalikuwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Nilisikia anakuja, nikajua atalala kwa bintiye. Siku ya kufika, namwona Mama Simiyu amesimama kwangu na mzigo wa mamake, uso umemshuka. "Mama Wanjiku, naomba unisaidie. Mama hawezi kulala kwetu."

"Kwa nini? Nyumba imebomoka?"

Ndipo akanieleza. Kwao mama mkwe na mkwe hawaonani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, mama hawezi kuingia nyumba anayolala mkwewe. Wakikutana njiani kila mmoja anageuka upande wake. Na hiyo si chuki hata kidogo, ni heshima, tena kadiri mnavyopendana ndivyo mnavyokimbiana. Mimi mtu wa Murang'a nilicheka. Ngai! Mama mkwe wangu mimi alikuwa akiingia jikoni kwangu na kufunua sufuria zote. Nikasema kimoyomoyo, laiti ningezaliwa huko kwao. Nikampokea Kukhu. Alikuja kwa wiki mbili, akakaa miaka, maana baada ya macho Mama Simiyu alijifungua tena, na wajukuu walilelewa upande wangu wa kinjia.

Mkwe hawezi kukaa na mama mkwewe umbali wa hatua chache bila kumjulia hali, nayo ni aibu vilevile. Mwanzoni walinituma mimi. "Mwambie mama, ameamkaje?" "Mwambie mkwe, nimeamka." Asubuhi nimewahi sokoni, huku nimegeuzwa posta. Nikamwambia Afande, "Mimi nauza viazi. Tafuta mtu wa kubeba salamu."

Jumamosi iliyofuata akaja na simu mbili za kale za jeshi la zamani, alizozitoa kwa wauza vyuma vikuukuu Gikomba zikiwa zimekufa. Akazifufua. Akavuta waya kutoka dirishani kwake, ukapita kwenye kamba ya nguo, ukaingia dirishani kwangu. Ukizungusha kijiti cha ubavuni, ya pili inalia. Ukitaka kusema unabonyeza, ukimaliza unasema "ova," unaachia. Akamfundisha mkewe, mkewe akamfundisha mamake. Kisha Afande akaenda kwake akafunga mlango, Kukhu akakaa kitandani kwangu na simu sikioni, amejifunika leso kichwani kwa adabu, na wakasalimiana kwa mara ya kwanza tangu harusi.

"Mama, shikamoo. Ova."

Kukhu akatazama ile simu. Akabonyeza. "Wewe ndiye mkwe?"

Kimya.

"Sema ova," nikamnong'oneza.

"Ova!" akapiga kelele, mpaka nadhani Afande alimsikia bila waya.

Wakawa wanaongea kila mwisho wa wiki. Wee, waliongea! Yule bwana aliyekuwa mchache wa maneno nyumbani kwake alimaliza alasiri nzima akimsikiliza mwanamke mzee akimweleza habari za ng'ombe waliokufa zamani. Akamrudishia kila jambo. "Nimekupata, mama. Ng'ombe mwekundu, pembe moja." Kukhu akafurahi mno. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote hakuna mwanamume aliyewahi kumwonyesha kwamba amesikia alichosema. Mwishowe alikuwa akimaliza hata sala ya chakula kwa "ova" badala ya "amina," na wanangu wakajifunza. Padri alipokuja kutubariki nyumba nilipata aibu kubwa.

Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, aliona ule waya. Akanijia juu, nani amenipa simu, na watu wakubwa wanangoja simu miaka. Nikamwambia si yangu, ni ya mama mkwe. Akauliza inapiga wapi. Nikamwonyesha mlango wa pili, pale pale. Akatazama mlango, akatazama waya, akatazama mlango tena. "Si mtu angetembea?" Nikamwambia aingie amweleze Kukhu hilo mwenyewe. Aliingia, akatoka baada ya chai mbili na chapati, na waya ukabaki.

Lakini mtaa hauna nafasi ya adabu kama ile. Kuna asubuhi maji yalirudi ghafla, sote tukakimbilia mfereji, na Kukhu akiwa kwenye foleni na beseni yake. Afande akaibuka kwenye kona na ndoo, amejifunga taulo, hana habari. Alipomwona alikuwa ameshafika karibu kabisa. Kukhu, aliponong'onezwa ni nani, akajigubika beseni kichwani. Afande akageuka kwa haraka. Lakini kumpa mama mkwe mgongo wenye taulo nako kulikuwa kosa, akagundua hivyo akiwa katikati, akasimama ubavu, hajui aelekee wapi. Mwishowe akaanza kurudi kinyumenyume, uso ameufunika kwa ndoo, na mwanajeshi wetu akatumbukia mtaroni mzima mzima. Hakuna aliyecheka mpaka Kukhu alipouliza kutoka chini ya beseni, "Ameumia?" Tukapasuka.

Macho ya Kukhu yalitengenezwa, moja kisha la pili. Siku bandeji ya pili ilipotolewa alitazama mikono yake, akatazama wajukuu mmoja mmoja, akaniambia mimi ni mnene kuliko alivyofikiri. Nikamsamehe, ni mgonjwa.  Jioni hiyo, tukimenya viazi, akasema, "Macho nimepewa, na mtu ninayetaka kumwona nimekatazwa."

"Si utazame dirishani akipita? Nani atajua?"

"Mimi nitajua." Akamenya kiazi chake mpaka kikaisha chote. "Nilizaa wasichana watupu. Mvulana sikupewa. Mvulana wangu ni huyu, na mkono wake siujui."

Nilimkuta siku moja Mama Simiyu akimwonyesha mamake picha ya harusi, naye Kukhu akaisukuma kwa vidole bila kuitazama. Hakutaka kuiba. Alitaka apewe.

Na njia ya kupewa ipo. Huko kwao, mkwe akiwa tayari huleta mnyama na blanketi mbele ya wazee wa pande mbili. Mama anapokea, anafunikwa lile blanketi, kisha anampa mkwewe mkono. Kuanzia hapo haya imeondoka, wanasalimiana na kula pamoja mpaka kifo. Afande alilitaka jambo hilo kuliko cheo. Aliniambia mwenyewe, akiwa amesimama mbali na jogoo wangu, kwamba mamake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. "Neno mama nimeanza kulitumia ukubwani, Mama Wanjiku. Kwa mtu niliyemsikia kwenye waya." Nikajifanya moshi wa jiko umeniingia machoni.

Mara ya kwanza walipopanga, mzee mmoja wa upande wa Kukhu alifariki, ikabidi matanga yaishe. Mara ya pili Afande aliitwa kambini ghafla, likizo ikafutwa. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa miaka ya themanini, akanunua mtamba mzuri mweusi akamwacha kwa kakake kijijini, na blanketi akalinunua mjini, la rangi ya zambarau, nikamsaidia kulichagua. Siku ikawekwa: likizo ya Desemba. Halafu kikosi chake kikatumwa tena kaskazini, kwa kuwa mashambulizi yalikuwa yamerudi huko barabarani.

Alasiri ya kuondoka kwake alizungusha simu. Kukhu alijifunika leso, akashika.

"Mama, naenda kazini. Nitarudi Desemba. Ova."

"Kazi gani wanakupa mbali hivyo? Hawana vijana?"

"Mitambo imeharibika, mama. Ova."

Kukhu alikaa na simu mkononi. Nilidhani amesahau kubonyeza. Kisha akabonyeza, akamwambia kitu ambacho sijawahi kusikia mtu akimwambia Afande: "Rudia."

"Desemba," ikasema ile sauti. "Mtamba, blanketi, mkono."

"Ni hivyo," akasema Kukhu.

Afande akatoka na mkoba wake begani. Kukhu akasikia mlango ukifungwa, akageukia ukuta mpaka buti zilipokwisha kusikika kwenye kinjia.

Waliotuletea habari walikuja saa nne asubuhi, gari la jeshi likasimama barabarani kwa kuwa haliingii kwetu. Afisa na padri. Mama Simiyu alikuwa zahanati, mlango wake umefungwa, kwa hiyo wakaja kwangu. Kukhu alikuwa ameketi nje akichambua mboga. Wakaniuliza nyumba ya fulani, wakataja jina lote, jina la ubatizo, la ukoo na cheo. Nawaambia kweli, sikujua ni nani. Nilikuwa karibu kuwaambia mtu huyo haishi hapa. Nilipogeuka nimuulize Kukhu, nikaona amekwisha kujifunika leso kichwani na mboga zimemwagika. Yeye alilijua lile jina. Ndilo alilotajiwa siku ya posa.

Namna alivyokufa tuliijua baadaye, kutoka kwa koplo mmoja kijana aliyekuja kumpa pole mjane. Alikaa kwenye kiti changu, kofia magotini, chai ikapoa. Alisema walikuwa juu ya kilima penye mlingoti wa mawasiliano. Bondeni msafara wa wenzao ulikuwa umevamiwa, malori yamenaswa, na waya wa juu ya mlingoti ulikuwa umekatwa na risasi, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuita msaada. Afande akapanda mwenyewe, mchana mweupe, wakati wavamizi wanauona ule mlingoti. Alikuta pale juu pa kufungia pamevunjika. Akaushika waya kwa koleo, akaubana kwa nguvu za mkono wake mahali pake, akampigia kelele koplo aliyekuwa chini kwenye mtambo atume.

"Nikatuma," koplo akasema. "Nikamwambia, afande, ujumbe umekwenda, shuka! Akaniuliza, 'Wamerudia?' Nikamwambia bado. Akasema hashuki. Risasi zinapita, mama. Naomba ashuke. Ananiuliza tu, 'Wamerudia?' Namwambia bado. Halafu wakajibu, wakarudia neno kwa neno, mahali, idadi ya magari, kila kitu. Nikapiga kelele, wamerudia, afande! Wamerudia!"

Akatazama kofia yake.

"Alikuwa amepigwa. Lakini koleo hakuliachia. Tulimteremsha nalo."

Msafara uliokolewa. Mama Simiyu alimuuliza kama alisikia, kama alijua kwamba wamerudia. Koplo akasema, "Ndiyo, mama, alisikia." Alisema upesi mno. Mimi sikumwamini, na sidhani hata mjane alimwamini, ila alimshukuru. Nikaingia jikoni nikalia kwa hasira. Nilimkasirikia Afande, nawaambia. Nilitamani nimshike mabega yale madogo nimtikise, nimwambie, ungeshuka! Ungeshuka tu, mpumbavu wewe, ungedhani wamesikia kama watu wengine wanavyodhani!

Tulimpeleka kwao magharibi kwa basi na malori ya jeshi. Kukhu alisafiri nasi akiwa kiti cha nyuma kabisa, jeneza likiwa kwenye lori la mbele, kwa sababu hata hapo waliona vibaya kuwaweka karibu. Bomani alikalishwa nyuma ya migomba na wanawake wa kwao. Askari walipiga risasi zao hewani, yule bwana akasoma habari za ukoo na vyeo. Jeneza likafunuliwa kidogo, watu wakapita kumuaga. Wote walipita. Mimi nilipita, mtu wa Murang'a, nisiyehusiana naye kwa damu wala kwa mahari. Aliyempenda kama mwana amekaa nyuma ya migomba.

Nilipomrudia nikamkuta amesimama. "Nipeleke," akaniambia.

"Kukhu, wazee watakubali?"

"Kawaulize."

Mama Simiyu akaenda, akapiga magoti mbele yao. Wakaanza kunong'onezana. Ami mmoja wa marehemu akasema kwa sauti kwamba mkwe hamwoni mkwe, na akimwona akiwa maiti balaa litawaangukia wajukuu. Wengine wakaitikia. Niliona shauri limekwisha, nikatamani niwape sabuni wote.

Kaka mkubwa wa Afande aligeuka akatupa mgongo. Aliondoka, tukadhani amekasirika. Akarudi akimvuta yule mtamba mweusi kwa kamba, na blanketi la zambarau begani, bado limo kwenye karatasi ya duka. Akamsimamisha mnyama mbele ya wazee.

"Huyu ni wa mama," akasema. "Alimchagua mwenyewe. Alisema Desemba. Nimrudishe zizini nimwambie nini?"

Mzee kuliko wote alikuwa ameketi kwenye kigoda, mkongojo katikati ya magoti, na tulidhani amelala. Akasema, "Mila hii tuliiweka ili watu waheshimiane. Hawa wameheshimiana mpaka mmoja amekufa. Mwacheni mama apite."



Wakamfunika Kukhu lile blanketi. Mama Simiyu akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukamleta polepole, kichwa amekiinamisha kwa adabu, macho chini, akiangalia nyasi tu.  Tulipofika, kaka mtu akaufunua mfuniko wote, akautoa mkono wa kulia wa nduguye kutoka ubavuni.

Kukhu akaushika. Akautikisa mara moja, kwa heshima, jinsi watu wanavyosalimiana nje ya kanisa. Akaushikilia. Kisha akainua macho yake aliyotengenezewa Nairobi, akamtazama.

Alitazama muda mrefu. Nilianza kuogopa kwamba ataanguka, nikamkaza. Alimtazama paji la uso, akamtazama mashavu, akamtazama kidevu kile kisicho na ndevu. Akanigeukia mimi, akamgeukia bintiye, na usoni alikuwa na mshangao wa mtu aliyedanganywa.

"Mbona hamkuniambia?"

"Nini, mama?" Mama Simiyu akauliza.

"Mbona hamkuniambia ni mtoto?"

 Mama Simiyu aliketi chini pale pale. Kola ya sare ya Afande ilikuwa imekunjika upande mmoja. Kukhu akainyoosha kwa kidole gumba, akakifunga kifungo cha juu, akatuambia sasa tunaweza kufunika.